Ripoti za Power BI kwa wateja wengi: namna ya kuhakikisha mteja mmoja haoni data ya mwenzake

Swali la msomaji: Tuna kampuni ndogo ya ushauri wa biashara hapa Dar es Salaam, watu wanne tu. Wateja wetu ni tisa. Wawili kati yao ni wauzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi wanaogombea soko lile lile, na mwingine yuko Mombasa. Ripoti zao zote zinatoka kwenye faili moja la Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti za data) lenye data ya wateja wote, na kila mteja ana kurasa zake zilizochujwa kwa jina lake. Wapo tunaowapelekea kiungo, na wapo wanaopenda kutumiwa Excel kwa WhatsApp. Juzi mmoja wa wale wauzaji wa vifaa vya ujenzi alituuliza tunamhakikishiaje kwamba mshindani wake haoni bei zake. Tufanye nini, bila kuingia gharama tusizozimudu?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa mpangilio mlio nao leo mteja huyo hamwezi kumhakikishia lolote, na ni afadhali mlijue hilo kabla hamjamwandikia barua ya kumtuliza. Kulirekebisha hakuhitaji fedha nyingi, ila kunahitaji uamuzi mmoja kuhusu mahali data za wateja zinapotenganishwa. Rai yangu, ambayo yote nitakayoandika hapa yanatokana nayo, ni kwamba wateja tofauti watenganishwe kwenye data yenyewe, kila mmoja awe na modeli yake (mkusanyiko wa majedwali ambayo ripoti husoma) ndani ya eneo lake la kazi (workspace, yaani chumba cha kuwekea ripoti na modeli zake), na vichujio pamoja na ulinzi wa safu mlalo (row-level security, yaani kanuni za kumwonyesha kila mtu safu mlalo zake tu) vibaki kuwa vyombo vya kuwapanga watu walio ndani ya kampuni moja ya mteja. Ukuta kati ya mteja na mteja usitegemee kichujio hata siku moja.

Nianze na sababu. Kichujio cha ukurasa kiliwekwa ili kumrahisishia msomaji kusoma, si kumzuia. Chini ya ukurasa mnaomwonyesha mteja ipo modeli ya data, na ndani ya modeli hiyo zimo safu mlalo za wateja wote tisa. Mnapomshirikisha mtu ripoti katika Power BI, dirisha la kushirikisha huja na visanduku viwili ambavyo tayari vimetiwa alama. Kimoja humruhusu mpokeaji kuwashirikisha watu wengine ripoti hiyo, na kingine humruhusu kujenga maudhui yake mwenyewe kutokana na data iliyo nyuma ya ripoti. Aliyepewa ruhusa hiyo ya pili anaweza kuanza ripoti mpya juu ya modeli ile ile, akaburuta safu wima ya jina la mteja, na mauzo ya kampuni zote tisa yakajipanga mbele yake mwezi kwa mwezi. Hatakuwa amedukua chochote, kwa sababu ruhusa mmempa ninyi wenyewe. Kuficha ukurasa nako hakusaidii, maana ukurasa uliofichwa unaondolewa tu kwenye orodha inayoonekana. Maelezo ya Microsoft yenyewe yanasema wazi kwamba kuficha ukurasa si hatua ya usalama.

Kwenye Excel hali ni mbaya zaidi, na hapa naomba mfungue faili lolote mlilomtumia mteja mwezi uliopita. Kama mlitengeneza jedwali la pivoti, kisha mkafuta karatasi yenye data asilia ili kubaki na muhtasari pekee, mmefuta kinachoonekana tu. Kwa kawaida Excel huhifadhi ndani ya faili nakala ya data yote iliyolishwa jedwali lile. Bofya mara mbili kwenye namba ya jumla, na karatasi mpya itafunguka ikiwa na kila safu mlalo iliyounda namba hiyo: tarehe, bidhaa, kiasi, bei. Na kama juu ya jedwali kuna kichujio cha jina la mteja, mpokeaji akifungua orodha yake ataona majina ya wateja wenu wote, na akichagua jingine namba zitabadilika mbele ya macho yake. Faili hilo limeshapita WhatsApp, limeshatua kwenye simu ya meneja, na pengine limeshasambazwa kwenye kundi la wakurugenzi. Hakuna namna ya kulirudisha.

Sasa njia iliyo sahihi. Mfungulieni kila mteja eneo lake la kazi katika Power BI, na ndani yake iwemo modeli iliyopakiwa data ya mteja huyo peke yake. Maneno ya kushika hapa ni "iliyopakiwa", kwa maana kwamba hoja (query) inayovuta data kutoka kwenye hifadhidata au kwenye folda ichukue tangu mwanzo vitu vya mteja mmoja tu, kwa akaunti ya kusoma tu iliyofunguliwa kwa ajili ya mteja huyo. Mtu akikosea ruhusa ndani ya eneo la mteja wa kwanza, kosa hilo linaweza kumwonyesha meneja wa tawi takwimu za tawi jingine la kampuni yake. Hilo ni jambo la kuomba radhi, lakini haliwezi kumwonyesha bei za mshindani, kwa sababu bei hizo hazimo. Tofauti hiyo ya uzito wa kosa ndiyo inayonifanya nisikubali modeli moja kwa wateja wote, hata pale wataalamu wenzangu wanapoitetea kwa sababu ya urahisi wa kuitunza.

Urahisi huo naufahamu. Modeli tisa zina maana ya kubadilisha kitu kimoja mara tisa, na timu ya watu wanne haina muda huo. Dawa yake ni kiolezo. Power BI inaruhusu kuhifadhi kazi kama faili la kiolezo, lenye tamati ya pbit, ambalo hubeba muundo wa modeli, hoja, vipimo (fomula za hesabu) na kurasa bila data iliyopakiwa. Wekeni ndani yake vigezo vya anwani ya seva, jina la hifadhidata na jina la mteja, ili anayekifungua aulizwe thamani hizo kabla data haijavutwa. Faili la kawaida lenye tamati ya pbix ni kitu kingine kabisa, kwa sababu modeli ikiwa ya kupakia data, faili hilo huibeba data yote. Kumtumia mteja pbix "aione tu namna tulivyoitengeneza" ni kumpa hifadhidata nzima, hata kama ulinzi wa safu mlalo umewekwa ndani yake, maana aliyelifungua kwenye kompyuta yake mwenyewe ndiye bwana wa kila kilichomo.

Kiolezo nacho kina mitego inayohitaji jicho la mtu. Jedwali lililoandikwa kwa mkono ndani ya programu, kwa mfano orodha ya malengo ya mauzo ya mteja wa kwanza, hukaa ndani ya hoja yenyewe na husafiri pamoja na kiolezo. Alamisho (bookmarks, yaani mionekano ya ripoti iliyohifadhiwa) zinaweza kuwa zimehifadhi uchaguzi wa kichujio wenye jina la tawi la mtu mwingine. Kichwa cha ukurasa, maelezo ya chini na jina la kipimo vinaweza kumtaja mteja mliyeanza naye. Kwa hiyo msijenge kiolezo kutokana na ripoti ya mteja halisi kwa kuifuta futa. Kijengeni juu ya data ya mfano mliyoitunga, na kila mabadiliko yaanzie hapo kabla ya kwenda kwa wateja.

Watu wa upande wa mteja wasiingizwe ndani ya eneo la kazi lenyewe. Eneo hilo ni karakana yenu. Wao wapewe programu (app, yaani kifurushi cha ripoti za kusoma) inayochapishwa kutoka humo, wakiwa watazamaji, na ruhusa za kushirikisha wengine na za kujenga ziondolewe isipokuwa pale mteja alipoziomba kwa maandishi. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ulinzi wa safu mlalo katika Power BI humbana mtazamaji pekee. Mtu mwenye nafasi ya msimamizi, mwanachama au mchangiaji kwenye eneo la kazi huona data yote, iwe kuna majukumu ya ulinzi (roles, yaani kanuni za nani aone nini) au hakuna. Mara nyingi uvujaji unaanzia hapo: mteja analalamika kwamba haoni ripoti, kijana wa ofisini anampandisha kuwa mchangiaji ili mambo yaende, ripoti inafunguka, na hakuna anayekumbuka kumshusha.

Ndani ya kampuni ya mteja mmoja ndiko ulinzi wa safu mlalo unakofaa. Tuseme yule muuzaji wa vifaa vya ujenzi ana matawi Kariakoo, Mbezi na Morogoro, na anataka kila meneja aone tawi lake, naye mkurugenzi aone yote. Tengenezeni jedwali dogo la ruhusa lenye safu wima mbili, barua pepe na tawi, kisha muunde jukumu lenye sharti la [BaruaPepe] = USERPRINCIPALNAME(), fomula inayorudisha utambulisho wa aliyeingia. Mtu akiingia, mfumo hulinganisha utambulisho wake na jedwali, na modeli humpa safu mlalo za tawi lake tu. Asiyekuwemo kwenye jedwali haoni kitu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni majedwali yasiyounganishwa. Ulinzi hutiririka kwa kufuata uhusiano kati ya majedwali, kwa hiyo kama jedwali la bei za manunuzi limesimama peke yake bila uhusiano na jedwali la matawi, kila meneja ataliona lote. La pili ni utambulisho wa wageni, kwa sababu akaunti ya mgeni inaweza kuandikwa ndani ya mfumo wenu kwa umbo tofauti na barua pepe mnayoifahamu. Badala ya kubahatisha, wekeni kwa muda kadi kwenye ripoti ya majaribio inayoonyesha kile USERPRINCIPALNAME() inachorudisha, mgeni aifungue, na mnakili maandishi yale yale kwenye jedwali la ruhusa.

Hilo linanileta kwenye akaunti za watu. Kila msomaji wa ripoti aingie kwa jina lake mwenyewe. Akaunti moja inayotumiwa na ofisi nzima ya mteja, nenosiri likiwa limebandikwa karibu na kompyuta, inaua kila kitu nilichoeleza hapo juu, kwani hamtajua nani aliona nini wala hamtaweza kumwondoa mmoja bila kuwasumbua wote. Utaratibu wa kawaida ni kumwalika mtu wa mteja kama mgeni katika saraka yenu ya Microsoft Entra, huduma ya kusimamia akaunti za watu ambayo hadi 2023 ilijulikana kama Azure Active Directory, akaingia kwa akaunti ya kazini kwake na kwa uthibitishaji wa hatua mbili.

Naomba mzingatie sana neno "kazini kwake". Biashara nyingi za kwetu, hata zenye mauzo makubwa, bado zinaendesha mambo kwa barua pepe binafsi za Gmail. Mfanyakazi mwenye barua pepe ya kampuni akiacha kazi, kampuni huifunga akaunti yake, na mara hiyo hiyo mlango wa kuingilia ripoti zenu hufungwa pia, hata kama ninyi hamjaambiwa. Mwenye Gmail yake akihama, anahama nayo, na akaunti ya mgeni iliyo kwenye saraka yenu inaendelea kumtambua. Huenda amehamia kwa yule mshindani. Kwa hiyo ombeni barua pepe ya kampuni kama sharti la huduma. Pale inaposhindikana kabisa, mwekeeni mtu huyo tarehe ya mwisho ya ruhusa, na mwajiri wake aithibitishe upya kabla haijaongezwa.

Kwenye saraka hiyo hiyo kuna mipangilio miwili isiyotozwa malipo ambayo wengi hawaigusi. Bila kubadilishwa, mpangilio wa ualikaji huruhusu karibu kila mtu, wakiwemo wageni wenyewe, kualika wageni wengine; ubadilisheni ili msimamizi pekee ndiye mwenye uwezo huo. Mpangilio wa pili ni kiwango cha mambo ambayo mgeni anaweza kuyaona kwenye saraka, na hapo chagueni kiwango kinachombana zaidi. Siri ya kwanza ya mshauri ni orodha ya wateja wake. Muuzaji wa vifaa vya ujenzi hahitaji kuona bei za mwenzake ili aumie. Kujua tu kwamba mshindani amewaajiri ninyi kunaweza kumfanya avunje mkataba. Kwa sababu hiyo hiyo, epukeni kuandika jina la mteja mahali ambapo mwingine anaweza kulisoma, kama vile jina la folda ya pamoja au mada ya barua pepe inayokwenda kwa watu wengi.

Kuhusu viungo, kuna kimoja cha kuogopwa. Power BI ina njia ya kuchapisha ripoti wavuti kwa umma, ambayo hutoa kiungo kinachofunguka bila kuingia kwa akaunti yoyote. Yeyote mwenye kiungo hicho anaona ripoti, na mitambo ya kutafuta inaweza kuiokota. Inapendwa kwa sababu haidai leseni wala haina usumbufu wa mialiko, na nina wasiwasi kwamba baadhi ya viungo mnavyovitaja ni vya namna hiyo. Msimamizi anaweza kuona orodha ya misimbo yote ya kupachika (embed codes, ambayo ndiyo huzaa viungo hivyo) iliyowahi kutengenezwa katika shirika lenu. Ifungueni leo hii, futeni yote inayohusu wateja, kisha mzime uwezo huo kwenye mipangilio ya jumla. Ripoti ya umma inafaa kwa takwimu za umma tu. Viungo vinavyomtaja mtu mahususi havina tatizo, ilimradi vile visanduku viwili vimeangaliwa.

Kuna mteja ambaye hatafungua Power BI hata mkimbembeleza. Anataka kitu cha kusoma kwenye simu Jumatatu asubuhi. Mpeni PDF, kwa kuwa picha ya ukurasa haibebi modeli nyuma yake. PDF iwekewe nenosiri, na nenosiri lipitie njia tofauti na ile iliyopitia faili. Anayehitaji namba za kuchezea mpeni Excel yenye thamani tupu zilizobandikwa kwenye faili jipya, bila pivoti na bila muunganisho wowote na chanzo. Uwezo wa kupakua data ghafi kutoka kwenye ripoti nao una ngazi zake, na mpangilio wa kuruhusu data ya muhtasari pekee unatosha kwa wateja wengi. Kumbukeni kwamba Power BI inaweza kumtolea mtu hadi safu mlalo 150,000 kwa mkupuo mmoja kwenye Excel, kiasi ambacho kwa muuzaji wa jumla wa ukubwa wa kati kinaweza kuwa mauzo ya miezi mingi.

Lipo jambo jingine ambalo hamkuliuliza, lakini linawahusu moja kwa moja. Washauri hupenda kumwonyesha mteja "wastani wa soko" uliotokana na data ya wateja wao wengine, na wateja hulipenda pia. Katika sekta ya vifaa vya ujenzi ninyi mna wateja wawili. Mkimwambia wa kwanza kwamba wastani wa faida ghafi ni asilimia 18, naye anajua yake ni asilimia 14, basi mmemwambia ya mwenzake ni 22, bila kuvuja hata safu mlalo moja. Kwa maoni yangu wastani wa namna hiyo usitolewe kama hamna angalau kampuni tano katika sekta hiyo, na hata hapo msiutoe kama kampuni moja ina ukubwa unaozimeza nyingine zote. Tena utumieni pale tu kila mteja aliporuhusu kwenye mkataba data yake iingizwe. Hesabu ifanyike kwenye eneo la kazi la ndani lisilo na mgeni hata mmoja, na kinachovuka kwenda kwenye modeli ya mteja kiwe namba moja iliyokamilika, kamwe kisiwe data iliyoizaa.

Sheria nayo inawagusa kwa pande mbili za mpaka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa lugha ya sheria hiyo, mteja wenu kwa kawaida ndiye mkusanyaji na ninyi ni mchakataji, na wote mnatakiwa kusajiliwa. Mteja wa Mombasa yuko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, ambayo inamtaka mchakataji anayegundua uvujaji amjulishe mdhibiti wa data (hapa, mteja wenu) bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48, ili naye aweze kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Muda huo hautoshi kwa timu ambayo haina hata orodha ya nani aliona ripoti gani. Sheria zote mbili pia zinaweka masharti ya kuhamisha taarifa binafsi nje ya nchi, na data iliyo kwenye Power BI hukaa katika eneo la seva ambalo shirika lenu lilipangiwa. Eneo hilo linaonekana kwenye ukurasa wa maelezo kuhusu programu, na wakili wenu atataka kulijua kabla ya kuandika mkataba.

Njia nyepesi ya kupunguza mzigo huo ni kutopakia taarifa binafsi pale ripoti isipozihitaji. Ripoti ya mauzo ya saruji kwa wilaya haina haja ya majina na namba za simu za mafundi walioinunua. Ziondoeni kwenye hoja, kabla hazijafika kwenye modeli, na mahali zinapohitajika kwa kuhesabu wateja wasiojirudia, tumieni namba ya utambulisho isiyo na maana nje ya mfumo wa mteja. Ripoti nyingi za biashara ninazozipitia zimebeba namba za simu ambazo hakuna chati hata moja inayozitumia.

Kwa gharama, kuongeza maeneo ya kazi hakulipiwi. Kinacholipiwa ni leseni za watu. Leseni ya Pro, ambayo ni dola 14 kwa mtu kwa mwezi tangu Aprili 2025, inahitajika kwa kila mtengenezaji na kwa kila mtazamaji katika mpangilio niliouelekeza. Wateja tisa wakiwa na watazamaji wawili wawili ni dola 252 kwa mwezi, na sioni kwa nini gharama hiyo isiingie kwenye ankara ya kila mteja kama kipengele kinachojitegemea. Mteja ambaye tayari ana leseni ya Pro kwenye shirika lake anaweza kuitumia hiyo hiyo akiwa mgeni kwenu. Uwezo maalumu (capacity, yaani nguvu ya seva inayokodiwa kwa shirika zima) unaowaruhusu watazamaji wasio na Pro unaanzia ngazi ya F64, ambayo ni maelfu ya dola kwa mwezi na si saizi yenu. Ipo pia njia ya kujenga tovuti yenu wenyewe na kupachika ripoti ndani yake, ambapo seva yenu ndiyo inayoomba tokeni (kibali cha muda cha kufungua ripoti) kwa niaba ya kila msomaji. Itawafaa mkifikisha wateja wengi na mkaajiri mtayarishaji programu, ila ijulikane kwamba hapo ukuta kati ya wateja unakuwa msimbo wenu, na kosa moja kwenye msimbo huo ni kosa kwa wateja wote.

Kwa wateja wakubwa, na hasa kwa yule wa Mombasa, napendelea zaidi njia ya kinyume: ripoti iishi katika mazingira ya Power BI ya mteja mwenyewe, na ninyi ndio muwe wageni kwake. Yeye ndiye anayeamua nani aone nini, data haitoki mikononi mwake, na mkataba ukiisha anafunga akaunti zenu tu, bila mjadala wa nani amebaki na nakala gani. Mtapoteza kidogo uwezo wa kurekebisha mambo haraka, na itabidi mumfundishe mtu mmoja wa upande wake. Nadhani inafaa.

Ratiba yangu kwenu ingekuwa hii. Leo mzime viungo vya umma na kuondoa ruhusa za kujenga na kushirikisha kwenye ripoti zilizopo. Wiki hii muwahamishe wale wauzaji wawili wa vifaa vya ujenzi kwenda kwenye maeneo yao ya kazi, kila mmoja na lake, kabla ya mteja mwingine yeyote, kwa kuwa kwao ndiko madhara yangekuwa makubwa. Wengine wafuate kadiri kiolezo kinavyokamilika, na faili la zamani lenye data ya wote lifutwe kwenye huduma na kwenye kompyuta za timu, si kuachwa "kwa tahadhari". Kisha fungueni akaunti mbili za majaribio za nje, moja ikisimama mahali pa kila mshindani, ziingie kwa dirisha la faragha la kivinjari, na mmoja wenu akae muda wa kutosha akijaribu kwa nia mbaya: abofye kila kitufe cha kupakua, abadilishe anwani iliyo juu ya kivinjari, atafute jina la mteja mwingine kwenye kisanduku cha kutafutia, afungue barua pepe za usajili wa ripoti (zile ambazo mfumo hutuma wenyewe kwa ratiba). Kitufe cha kutazama ripoti kama jukumu fulani kinasaidia mnapojenga, lakini hakilingani na mtu halisi aliyeingia kwa akaunti halisi. Jaribio hilo lirudiwe kila mnapobadilisha kiolezo.

Kumbukumbu za shughuli za Power BI hukaa kwa takriban mwezi mmoja tu, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuzipakua kila wiki na kuzihifadhi mahali ambapo wateja hawafiki. Kutokana nazo, pamoja na orodha ya ruhusa, ndipo mtakapopata jibu la kumpa yule mteja aliyewauliza: ukurasa mmoja kila mwezi unaotaja watu wanaoweza kufungua ripoti zake, lini kila mmoja aliifungua mara ya mwisho, na nani kati ya timu yenu ana uwezo wa kugusa data yake. Ukurasa huo autie saini na kuurudisha akiwa amekata majina ya walioacha kazi, na majina hayo yafutwe siku ile ile.